Managu ya Mama Kui

Kwa Hamdun, pale Matisi mjini Kitale, kahawa ya tangawizi huchemka kuanzia alasiri, na benchi lake halikosi watu wala mabishano. Jioni hiyo Kiragu aliketi akiwa amepakata fungu la managu, yale majani machungu ya mnavu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga ashike. Mkewe, Wangu, ambaye yeye humwita Mama Kui, ana ugonjwa wa sukari, na tangu aanze kula managu kama dawa, Kiragu ndiye anayempikia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ndoa yao yote. Kijiwe kilimbatiza Shefu. Jina halikumsumbua. Kilichomsumbua ni macho ya Wangu, ambayo siku hizi yalishindwa hata kutunga uzi kwenye sindano.

— Shefu, leo tena majani? aliuliza Wanyoike, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki.

— Leo tena.

— Kaza hivyo hivyo, bana. Si nilikwambia kule Bungoma wanayapima kwa maabara? Panya mwenye sukari alipewa managu, asubuhi akapanda ukuta.

— Wallahi, panya gani asiyepanda ukuta? alisema Hamdun.

— Huyu alikuwa hawezi hata kutembea! Na ati ile sukari ilimtoka yote, wakaichuja, wakakoroga nayo chai.

— Chai ya nani?

— Ya madaktari.

— Redio, lete hicho kikombe. Kahawa imekupanda kichwani.

Mwishoni mwa benchi mwanamke mgeni alicheka. Alikuwa Jentrix, mfanyakazi wa maabara moja huko Bungoma, akingoja gunia la managu alilokuja kununua.

— Hiyo ya chai si kweli, alisema. Lakini kupima, tunapima. Tunatafuta kile kitu kichungu ndani ya majani. Bado tuko kwa panya, hatujafika kwa watu. Mzee, wewe unapikaje?

Kiragu alifurahi kuulizwa.

— Nachemsha, namwaga maji. Nachemsha tena, namwaga. Halafu natia maziwa. Mama Kui akionja uchungu anakunja uso, na mimi siwezi kumwona hivyo.

— Sasa si uchungu wote unaenda kwa mtaro?

— Basi panya wa huo mtaro wako fiti sana, alisema Redio.

Hakuna aliyecheka.

— Na tembe zake? aliuliza Jentrix.

— Aliacha. Mimi ndio nilimwambia aache.

— Tangu aache, amepimwa sukari?

Kiragu alimtazama Redio. Redio alimtazama Hamdun. Hamdun akapepea makaa ambayo tayari yalikuwa yanawaka vizuri. Panya wa Bungoma walikuwa wamejadiliwa mpaka mikia. Wangu aliishi nyuma ya ukuta ule pale, na hakuna aliyejua sukari yake imefika wapi.

Kiragu aliweka managu kwenye benchi akaondoka bila kuaga.

Alimkuta Wangu mlangoni, shati lisilo na kifungo magotini.

— Mama Kui, vaa sweta. Twende zahanati kabla hawajafunga, upimwe. Na tembe tuwaulize, nafikiri utazirudia.

— Na managu?

— Bado wanajaribu kwa panya. Na mimi nilikuwa namwaga hata hicho kidogo wanachotafuta.

Wangu alikunja shati polepole.

— Nilijua hayanisaidii. Macho si ni yangu?

— Sasa mbona ulikuwa unakula?

— Hukuwa umewahi kunipikia, Baba Kui. Ningesema hayafanyi kazi, si ungeacha?

Kiragu aliingia ndani akatoka na sweta, akamvisha mkono mmoja, akamvisha na wa pili, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, kama anayemwandaa mtoto kwa baridi ya asubuhi.

— Kesho nikupikie nini? aliuliza.