Kichwa Ambacho Hakikupimwa

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, mafundi wenzangu, mke wangu uliyekaa karibu na mlango ili tusichelewe kuondoka, ndugu wageni waalikwa: nawasalimu nyote, na naomba kuongea nikiwa nimekaa. Nimechoka.

Wageni wetu, sisi hapa tunatengeneza vipuri vya alumini bila kuiyeyusha. Fimbo ya alumini yenye chembe za kauri inazungushwa na kukandamizwa mpaka inalainika, kisha inajipanga tabaka juu ya tabaka. Kauri ndiyo inayotia ugumu, na hiyohiyo ndiyo inayokula kichwa cha chuma cha mashine. Ndiyo maana kila asubuhi, kabla ya kuwasha, kichwa hupimwa.

Meneja amenisifu hapa kwamba sikuhitaji kipimo, nilijua kwa sikio tu. Sikio lipi, jamani? Baada ya miaka kumi na tisa kando ya mashine ile, mke wangu akitaka nije mezani, hunigusa bega.

Mnakikumbuka kile kipuri kilichopasuka kwenye majaribio, kikakutwa na vipande vya chuma ndani yake? Zamu ile tulikuwa wawili, mimi na binti tuliyembandika jina la Bi Kipimo kwa kumkejeli. Aliniambia, "Mzee, tupime kwanza." Nikamjibu, "Mwanangu, mimi nilikuwepo kabla ya hicho kipimo." Tukawasha. Kilipopasuka, lawama ikamwangukia aliye mdogo, akapelekwa stoo kugawa glavu. Na mimi, mzee mzima, nikanyamaza. Nilihofia aibu, kustaafu kwenyewe kukiwa kumekaribia. Kila nilipokwenda kuchukua glavu alinisalimia kwa heshima, na salamu ile imenichosha kuliko kazi yote niliyowahi kufanya.

Mheshimiwa Mkurugenzi, mficha maradhi kifo humuumbua. Kosa lilikuwa langu. Saa ya ukutani mliyonipa naipokea, ila zawadi hasa ninayoiomba ni moja: Jumatatu, binti huyu arudi kwenye mashine.

Bi Kipimo, mwanangu, bado unagawa soda huko nyuma? Weka chini hiyo trei, uje. Kipimo ni hiki, kimekaa mfukoni mwangu hakina kazi. Nisamehe. Na akija mzee mwingine kukuambia anajua kwa sikio, usiwashe.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kama mtapiga makofi au mtaguna, mke wangu ataniambia njiani.