Gudveig wa Kituo cha Juu Anashuka

Baada ya miaka thelathini na moja kwenye kituo cha juu, Gudveig Tveitane atakabidhi funguo tarehe 30 Septemba, siku tunayofunga msimu. Ameomba kusiwe na hotuba, kusiwe na keki, na zaidi ya yote asipewe chombo cha maua cha kioo, maana anavyo vitatu alivyopewa na kampuni na vyote vinakusanya vumbi. Kilichobaki ni jarida hili la wafanyakazi. Nimeombwa niandike kwa uchangamfu. Nitajitahidi, jamani, ila msimu ulikuwa mrefu na sisi wazee wa vituo tumechoka mpaka kwenye kope.

Kwa wageni kazini, mimi ni Oddgeir wa kituo cha chini. Kwa miaka ishirini na ushei nimekaa upande huu wa waya na Gudveig upande ule, kigari kinachoning'inia kwenye waya huo kikipandisha na kushusha watu katikati yetu. Tumeonana ana kwa ana mara chache kuliko watu wanavyodhani. Tumeongea kwa ile simu nyeusi ya ukutani. Kila asubuhi inalia, naye hasemi habari za asubuhi wala nini. Anauliza, "Upo?" Mimi najibu, "Nipo." Basi, kazi imeanza.

Aliajiriwa kwa kiangazi kimoja tu, ashike nafasi ya bwana mmoja aliyevunjika mguu. Kabla ya hapo alikuwa anakata tiketi kwenye kivuko cha ghubani, kazi ambayo anasema ilimfundisha kutabasamu bila kumaanisha. Mguu wa yule bwana ulipona lakini mwenyewe hakurudi, na Gudveig akabaki. Ameendesha kigari kwenye ukungu, kwenye theluji, na kwenye harusi ambayo bibi harusi alifumba macho njia nzima. Kuna siku kondoo aliingia pamoja na watalii akakataa katakata kutoka. Gudveig alimpandisha, akamshusha, kisha akamtoza mwenye kondoo nauli ya mtoto.

Warukaji walianza kuja nilipokuwa bado mgeni kazini. Walikuwa wanavaa suti zenye mabawa ya kitambaa, wanatembea mpaka ukingo wa jabali mbele ya kituo chake, wanajitupa, wanapaa kando ya mwamba, halafu wanafungua parashuti juu ya malisho yaliyo nyuma ya ofisi yangu. Hatukujua mchezo huo unaitwaje, na nadhani hata wao walikuwa bado wanabishana. Gudveig aliwaita "wale wa upande mmoja", kwa sababu tiketi waliyokata ilikuwa ya kupanda tu.

Siku moja alimkuta mmoja wao amejibanza nyuma ya choo cha kituo. Alikuwa amefika ukingoni, moyo ukakataa, na sasa alikuwa anasubiri wenzake waondoke ili ateremke kwa miguu kwenye njia ya mbuzi asionekane. Njia ile inaua kuliko jabali lenyewe. Gudveig akamwita ndani. Akawasha chuma chake cha vafeli, ile mikate laini yenye vishimo, akampakia jibini la kahawia na jamu, akamtazama mpaka akamaliza, kisha akamshusha kwa kigari bila kumdai hata senti.

Kuanzia hapo ikawa sheria ya kituo cha juu. Anayeruka analipia kahawa yake kama watu wengine. Anayerudi kutoka ukingoni anakula vafeli bure na kushuka bure. Na yeyote anayemuuliza kwa nini amerudi anaosha vyombo vyote vya siku hiyo, awe nani awe nani. Mkurugenzi mmoja aliyeshastaafu aliosha mara mbili, maana ya kwanza haikumwingia.

Kitu kimoja Gudveig hakukifanya: hakuvuka mlango. Alikuwa anauacha wazi, harufu ya vafeli inatoka yenyewe kwenda ukingoni, yeye anabaki ndani. "Kazi yangu inaishia kizingitini," alikuwa anasema. "Mbele ya hapo ni mambo yao." Kisha anakaa karibu na simu. Mimi huku chini nashika darubini, namwona mtu anatua, anasimama, anakunja kitambaa chake, ndipo napiga. "Yuko chini," nasema. "Haya," anajibu, anakata. Kuna siku nilichelewa kupiga. Kuna siku nilipiga na sikuwa na neno hilo la kusema. Sitazihesabu hapa. Yeye anazijua na mimi nazijua.

Miaka sita iliyopita yakaja mashindano. Sasa hapa naomba tuelewane, maana najua baadhi yenu mmeshaanza kukunja uso. Tusidanganyane kwamba zamani walikuwa watawa. Walishindana tangu mwanzo, kila mmoja na kamera yake kichwani, kila mmoja akitaka kupita karibu na mwamba kuliko mwenzake wa wiki iliyopita, halafu wanakaa kwenye benchi langu wakisema wao wanatafuta uhuru tu. Uhuru! Mashindano yalileta daktari, yakaleta helikopta, yakaleta kipimo cha upepo ambacho hakina urafiki na mtu. Wapo watu wanaotembea leo kwa sababu hiyo, na Gudveig ndiye wa kwanza kusema hivyo.

Ila yalileta pia saa. Unasimama kwenye foleni, zamu yako inafika, kipaza sauti kinataja jina lako, na malisho mazima huko chini yanaanza kuhesabu. Kila Agosti, siku mbili za mashindano, chuma cha vafeli kilibaki baridi. Hakuna aliyerudi. Gudveig alinipigia akauliza, "Oddgeir, hivi inawezekana watu wote hawa wajisikie vizuri siku moja?" Nikamwambia labda ni hodari. "Labda," akasema, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa bei asiyoiamini.

Tunafika kwa Jostein. Wengi mnamjua, ni mtoto wa mdogo wake Gudveig, kijana wa hapahapa Skarvedal, fundi bomba, mtu mzima mwenye ndevu zake. Mwaka huu alikuwa anaongoza. Mruko wa mwisho tu, na taji lingebaki bondeni kwa mara ya kwanza. Upepo ulikuwa halali. Nasema hivi ili asije mtu akabuni hadithi: kipimo kilisema sawa, waamuzi walisema sawa, na mimi niliyekuwa chini sikuona kasoro yoyote. Jostein alisimama ukingoni. Akaendelea kusimama. Kwenye darubini nilimwona anakunja vidole na kuvikunjua, anakunja na kuvikunjua.

Kisha nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona. Gudveig alitoka. Alivuka kizingiti, akapita chini ya kamba ya waandaaji, sahani mkononi, akaenda kusimama hatua chache nyuma ya mtoto wa mdogo wake. Jostein akageuza kichwa, akamwona, akabaki anamwangalia. Halafu akarudi nyuma kutoka ukingoni.

Mtangazaji mwaka huu alikuwa Sindre, kijana wa mjini mwenye tai na kinywa kisichopoa. "Anarudi!" akapiga kelele bonde zima. "Jostein anarudi! Jamani, kwa nini? Kwa nini, Jostein?"

Simu yangu ikalia. "Upo?"

"Nipo."

"Huyo anayepayuka, mwambie aje aoshe vyombo."

Nikadhani ni utani. "Gudveig, huyo bwana anatangaza moja kwa moja, watu wanamwangalia."

"Nami namsikia moja kwa moja. Mpandishe."

Sindre, nimpe haki yake, alipanda. Alikunja mikono ya shati akaosha vikombe vyote huku kamera ikimwangalia, akaloa mpaka kwenye tai, na watu malishoni, waliokuwa wanamtazama kwenye skrini, wakacheka na kupiga makofi. Mashindano yakaendelea, mwingine akachukua taji. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila mtu anaisimulia, na ni kweli ilichekesha.

Jostein hakucheka. Alisimama pale jikoni na suti yake ya mabawa, sahani ya vafeli mbele yake haijaguswa. "Mama mkubwa, nilikuwa sijaamua," alimwambia. "Umenisikia? Nilikuwa bado naamua. Umeniamulia wewe. Miaka mitatu nalala mapema, bia nimeacha, upuuzi wa kamera nimeacha, kwa sababu nilikuwa na kitu cha kulenga. Halafu unaniletea sahani mbele ya dunia nzima, kama mtoto aliyegoma kula?" Akashuka na kigari kilichofuata. Alipita mbele ya dirisha langu bila kunisalimu, naye si mtu wa kutosalimu.

Wiki zilizofuata, "Upo?" ya asubuhi ilikuwa inakuja kwa sauti ya chini. Nilimuuliza kama amempigia Jostein. "Nimpigie nimwambie nini?" akasema. "Ana haki. Nimewaambia watu miaka yote kwamba kazi yangu inaishia mlangoni." Sijawahi kumsikia amechoka vile, hata ule mwaka wa dhoruba.

Hayo yakiwa hayajapoa, waandaaji wakaja na wazo. Walikuwa wamependezwa sana na vafeli. Wakataka kuanzia mwakani anayerudi ukingoni apewe alama kidogo, alama za busara, na mwisho pawe na zawadi ndogo yenye jina la Gudveig. Meneja wetu, Ragnfrid, akaitisha kikao kabla ya kutia saini mkataba wa mwaka ujao, na akamtaka Gudveig aseme anaonaje, mashindano yaendelee au yasiendelee. Wengine wetu tulitegemea moto.

"Yaendelee," Gudveig akasema. "Wataruka tu hata mkifunga mlima. Afadhali waruke daktari akiwa karibu." Kisha akawageukia waandaaji. "Lakini vafeli yangu msiipe alama. Mkishaipa alama, watashindana kurudi. Patakuwa na bingwa wa kurudi. Mtu atakuwa amesimama pale anapiga hesabu, badala ya kujisikiliza. Hicho ndicho kitu pekee mlimani hapa ambacho hakina mshindi. Kiacheni."

Mmoja wao akajaribu kueleza kwamba nia ni nzuri. Ragnfrid akamuuliza kama anapenda kuosha vyombo. Mkataba umetiwa saini. Mashindano yatakuwepo Agosti, vafeli haimo. Mimi binafsi sijui kama huo ni ushindi. Nimechoka kulifikiria, na naona kila upande una maneno yake.

Jumapili iliyopita ilikuwa siku ya kawaida, hakuna saa, hakuna kipaza sauti. Jostein alikuja dirishani kwangu akakata tiketi ya kupanda tu. Tuliongea habari za hewa. Yaliyotokea juu nimeyapata kwa Gudveig mwenyewe. Jostein aliingia, akanywa kahawa, kisha akauliza, "Mama mkubwa, kwa nini ulitoka siku ile?" Na kabla hajajibiwa akaenda kwenye sinki mwenyewe, akafungua maji, akaanza kuosha vikombe. Sheria anaijua.

Gudveig alimwacha mpaka kikombe cha mwisho. Ndipo akamwambia, "Nilichoka, mwanangu. Sikuwa na hoja. Nilichoka tu kusubiri simu."

Jostein akafuta mikono. Halafu akavaa mabawa yake, akalipia kahawa, akaenda ukingoni, naye Gudveig akabaki ndani ya mlango. Nilimwona kwenye darubini akija. Alipita mbali na mwamba, mbali mno kwa mtu wa mashindano, polepole kama hana anayemsubiri, akatua malishoni, akasimama, akakunja kitambaa. Nikainua simu. "Yuko chini," nikasema. Safari hii hakusema, "Haya." Nilisikia kiti kinavutwa, nikamsikia anakaa.

Gudveig, kwa niaba ya wenzako wa waya, wa mitambo na wa ofisini, asante. Asante kwa kahawa kali, kwa kondoo, kwa kila uliyemshusha bila kumuuliza kitu. Chuma cha vafeli tumekubaliana kinabaki juu, na atakayechukua nafasi yako ameshaambiwa sheria, pamoja na ya kizingiti, na pamoja na siku uliyoivunja. Tunakuombea asubuhi ndefu za kulala, magoti yasiyouma, na jirani asiye na simu.

Jioni ya tarehe 30 utashuka na kigari cha mwisho wewe mwenyewe, na juu hatabaki mtu. Nitakuwa dirishani. Ukishatoka na kusimama kwenye zege letu hapa, nitainua ile simu nyeusi kama kawaida, ilie huko juu kwenye chumba kitupu, na nitasema tu, kwa sababu lazima mtu aseme: yuko chini.