Tumeelewana?

Ndani ya basi la mwendokasi, mbele yangu walikaa watengeneza programu wawili, Vaileth na Mwinjuma, wakilaumiana. Kesho asubuhi mwenye saluni anakuja kuona programu yake ya wateja kuweka miadi.

"Mie, wewe na Isack, wote tumetengeneza ukurasa wa kuingilia," Vaileth alifoka. "Pa kuweka miadi hamna!"

"Si bosi alipogawa kazi aliuliza tumeelewana?"

"Na wewe ukaitikia ndiyo!"

"Tuliitikia wote, sista."

Kama darasa la pili wakimwitikia mwalimu, nikawaza.

Tulipokaribia Manzese wakapoa. "Basi tugawane," akasema Mwinjuma. "Wewe malizia ile, mie nashika hii nyingine. Tumeelewana?"

"Ndiyo!"

Wakashuka wakicheka. Nadhani basi zima ni mie tu niliyekuwa sijaelewa ile ni ipi.