Kipande cha Koo la Dada

Mbele ya kibanda cha Kisigino, mshona viatu, palikuwa na benchi la mbao, na kila asubuhi benchi hilo lilikuwa na wenyewe. Wa kwanza ni Breki, dereva wa lori aliyestaafu. Wa pili ni Hakimu, ambaye maisha yake yote alikuwa karani tu wa mahakama, ila aliondoka na tabia ya kutoa hukumu. Kahawa ikishamiminwa, hakuna jambo lililowashinda hao. Siku hiyo Kisigino aliwaletea la nyumbani kwake. Dada yake mkubwa, mshonaji wa nguo, alikuwa na saratani ya koo. Kesho yake angekatwa kipande cha uvimbe kwa ajili ya kipimo, na madaktari walikuwa wamemwomba kidogo cha kufanyia utafiti.

— Wanakiweka kwenye kijibamba cha kioo, hakizidi kiberiti, — Kisigino alieleza. — Ndani kuna vijia vyembamba kama unywele. Wanapitisha maji yenye chakula, kipande kinabaki hai siku kadhaa. Halafu wanakipiga mionzi, waone kinakufa au kinakaidi.

— Hai nje ya mwili? — Breki akaweka kikombe chini.

— Hai.

— Hapo mimi sipo. Damu nzito kuliko maji, itapitaje kwenye kijia cha unywele? Nimehangaika na pampu za dizeli miaka thelathini. Bomba jembamba huziba, hilo halina mjadala.

— Si damu, ni maji.

— Basi litavuja.

Hakimu akakohoa kikohozi chake cha kusoma hukumu.

— Bomba si hoja. Hoja ni hii: nyama ya dada ikiunguzwa kule maabara, dada mwenyewe huku nyumbani hatasikia moto? Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

— Na wakiilisha vizuri itanenepa, — Breki akadakia. — Haba na haba hujaza kibaba. Mwakani wana dada mwingine mzima pale mezani, anadai cherehani yake.

Kisigino alicheka, kisha akaacha. Tangu jana moyo wake ulikuwa unamtuma amkataze dada yake. Alikuwa amekuja kutafuta sababu, na sasa alikuwa nazo tatu, zote za kijinga. Ukweli ni kwamba aliogopa tu kumwona dada akikatwa.

Dada mwenyewe akatokea, mtandio shingoni.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Nimewasikia tangu kwenye kona. Mimi nimeshasaini.

Sauti yake ilikwaruza, lakini haikutetemeka.

— Bila kuniuliza? — Kisigino alisema.

— Koo ni langu, mdogo wangu. Nilimuuliza daktari, jibu la hicho kioo litabadilisha matibabu yangu? Akasema hapana, bado wanajifunza. Nikamuuliza, nitakatwa zaidi kwa ajili yake? Hapana, watamega kilekile cha kipimo. Nikamuuliza, kuna mwingine atakayefaidika? Akasema anatumaini. Hakuniapia. Hapo ndipo nilipomwamini.

— Lakini kioo, dada…

— Mteja akiniletea kitambaa nisichokijua, nafanya nini? Nakata kipembe, nakipiga pasi. Kikisinyaa, nimejua kabla sijaharibu gauni. Hao wanataka siku moja wajue uvimbe wa mtu utasikia mionzi au hautasikia, kabla hawajamchosha bure. Kipembe changu nawapa.

Hakimu alinyoosha mgongo.

— Basi shauri limefungwa.

— Halijafungwa. Mionzi yangu ni wiki saba, Jumatatu hadi Ijumaa, kila asubuhi. Wameniambia nitachoka, nisiende peke yangu. Nani ananisindikiza?

Breki alichungulia kikombe chake kana kwamba kulikuwa na kitu kimezama. Hakimu alitafuta methali, haikuja. Kisigino alitazama viatu vilivyorundikana kibandani, vya watu waliozoea kuvifuata mapema kabla ya kwenda kazini. Kisha akainuka, akachukua chaki anayochorea soli, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: KAZI KUANZIA SAA NANE MCHANA.

Dada alisoma, akatikisa kichwa.

— Andika saa tisa, — alisema. — Foleni ya pale ni ndefu.