Mbwa Kwanza, Kumbukumbu Namba Baadaye: Miaka Thelathini na Minne ya Bwana Mifugo Evance Werema

Ndugu Evance Werema anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuwatumikia wafugaji wa Natta kwa miaka thelathini na minne. Ametimiza miaka sitini. Mimi ninayeandika ni Agustina, mama yake mzazi, kwa hiyo hiyo sitini nina uhakika nayo kuliko karatasi yoyote.

Kwa kawaida wasifu wa mstaafu huandikwa na mfanyakazi mwenzake. Kwa nini huu umeandikwa na mama, tena mama wa darasa la nne, nitaeleza mbele. Nasema mbele kwa makusudi. Evance mwenyewe alinifundisha kwamba msomaji akiachiwa kitu cha kungojea, hafungi karatasi.

Alizaliwa Nyarero, Tarime, mtoto wa kwanza kati ya saba. Wote wana akili, ila leo ni siku yake. Alisoma, akafaulu, akaenda chuo cha mifugo, akarudi na cheti na koti jeupe ambalo lilidumu kuwa jeupe mpaka ng'ombe wa kwanza. Akapangiwa Natta. Alipopata mtoto nilikuja kwa wiki mbili kumsaidia mkwe wangu kulea. Sijarudi Nyarero mpaka leo, isipokuwa kwenye misiba na harusi.

Kazi yake mnaijua. Amechanja ng'ombe, amezalisha ng'ombe, amesimamia josho kwenye jua na kwenye matope. Amepigwa teke na ng'ombe wa karibu kila ukoo, na katika hilo hajawahi kuonyesha upendeleo. Hayo watayasema wenye hotuba. Mimi naandika lile ambalo wataalamu hulisahau: mwanangu alijua kuandika tangazo mpaka likasomwa.

Siyo kwamba alizaliwa nalo. Mwanzoni matangazo yake yalikuwa ya kulaza mtu. Ilianza kumbukumbu namba, ikafuata "Yah", kisha "tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu", na mtu akirejea huko juu hakuti kitu ila ile Yah. Tuliyabandika kwa uji wa muhogo, na waliokuwa wakiyafuatilia kwa karibu ni mbuzi.

Kisha kikaingia kichaa cha mbwa. Jirani yetu Mzee Okal, fundi baiskeli, aling'atwa na mbwa wake mwenyewe, mbwa aliyekuwa akila ugali mkononi mwake. Tulimzika kabla ya palizi kuisha. Pale msibani Evance hakugusa chakula. Aliniambia, "Mama, mimi nilitangaza." Nikamwambia, "Ulitangaza, mwanangu. Sasa kula." Hakula. Alirudi nyumbani akaandika tangazo jingine, kali zaidi na refu zaidi, maana hivyo ndivyo wasomi wanavyofanya wasiposikika.

Lile refu alilibandika sokoni, kwenye nguzo ya kibanda cha Adero. Adero ni mama wa Shirati, anauza dagaa, na kusoma anasoma. Biblia ya Kijaluo anaimaliza bila miwani. Siku moja akaja kwetu, amefunga mguu kwa kanga, amekasirika.

"Bwana mifugo, nimekuja kushtaki mbwa," akasema. "Amenichania gauni jipya. Nataka mwenye mbwa aitwe."

Evance akautazama ule mguu. "Amekung'ata lini?"

"Siku ya mnada."

Mnada ulikuwa umepita siku tatu. Akamwuliza kama ameosha kidonda. Adero akasema amepaka majivu na kitunguu, kwani yeye ni mtoto?

"Lakini tangazo liko kwenye nguzo yako, Adero! Limesema uoshe kwa maji mengi na sabuni, uende hospitali siku hiyo hiyo!"

"Limesema wapi?"

"Aya ya nne."

Adero akasema maneno ambayo katika nyumba yetu tunayajua kama wengine wanavyojua Zaburi. "Yaani kitu cha kuniponya mimi, wewe umekiweka chini ya aya tatu za kusalimiana na serikali?"

Evance alikiosha kile kidonda kwa sabuni mpaka Adero akamtukana kwa Kijaluo, kisha akampakia kwenye pikipiki ya kazi, akampeleka Mugumu hospitali. Adero alichomwa sindano ya kwanza siku ile, na nyingine akazifuata kama alivyopangiwa. Baada ya hapo ikabaki kusubiri. Kichaa cha mbwa hakina haraka. Kinaweza kukaa mwilini wiki nyingi, kikija kujitokeza mgonjwa anaogopa hata maji, na hapo hakuna sindano tena.

Kila asubuhi mwanangu akawa anapita sokoni kununua dagaa ambao hatukuwahitaji. Tulikula dagaa mpaka wajukuu wakalia. Adero hakuwa mjinga. Akimwona tu anakuja, alikuwa anachota maji kikombe kizima na kuyanywa yote mbele yake, bila salamu. Kisha anampimia dagaa.

Katika wiki hizo za kikombe ndipo Evance alipojifunza kuandika.

Jioni aliniletea tangazo jipya anisomee. Nilikuwa nachagua mawe kwenye wimbi, ule ulezi wa kusaga uji, ungo uko mapajani. Akasoma. Nikaendelea kuchagua. Aliponyamaza nikamwambia endelea, kumbe alikuwa amemaliza. Akalichana. Jioni ya pili hivyo hivyo. Nilimsifu, maana mama husifu, nikasema, "Nzuri sana, mura," kama tunavyowaita vijana kwetu Nyarero. Akasema, "Mama, mdomo wako umesifu lakini mikono yako haijasimama." Tangu jioni ile akawa hatazami uso wangu tena. Anatazama mikono.

Siku nyingine akaja na karatasi fupi. Ilianza hivi: "Adero aling'atwa mguu wa kushoto akiwa anafunga kibanda. Mbwa alimfahamu." Mikono ikasimama. Nikasema, "Halafu akafanyaje?" Adero namjua! Asubuhi ile ile nilikuwa nimemsalimia! Lakini ilibidi niulize. Evance akacheka peke yake, akaendelea: alipaka majivu, ingetakiwa sabuni; alikaa siku tatu, ingetakiwa siku ile ile. Wewe uking'atwa utafanyaje? Leta mbwa wako mnadani Jumanne, achanjwe bure. Kumbukumbu namba ikawekwa chini kabisa, kama mkia.

Kabla ya kubandika alikwenda kumwomba Adero ruhusa. Adero alikuwa na sharti moja: iandikwe kwamba gauni lilikuwa jipya. Mwanangu aliona ni jambo dogo, akaliandika kwa heshima tu. Basi Natta nzima walilizungumza lile gauni. Akina mama waliosimama kusoma habari ya gauni walijikuta wamesoma habari ya sabuni. Hapo akajua kwamba msomaji hashiki neno kubwa. Anashika gauni, halafu gauni linamvuta mpaka kwenye neno kubwa.

Jumanne ile mbwa walikuja wengi kuliko ng'ombe. Wengine walivutwa kwa kamba, wengine walibebwa begani, mmoja aliletwa kwenye toroli kama mgonjwa. Mzee Olima, ambaye hakuwahi kukubali jambo lolote la wataalamu, alimleta mbwa wake Askari na kumshika yeye mwenyewe. Kesho yake Evance akabandika karatasi sokoni: "Askari wa Mzee Olima amechanjwa, na hakulia. Wa kwako je?" Mzee Olima alikwenda kuisoma kila siku kwa wiki nzima. Watu wakaona wivu. Mtu ambaye jina lake halijawahi kubandikwa popote sasa alitaka jina la mbwa wake libandikwe. Waliokuwa wamebaki nyumbani wakaja wenyewe kuuliza chanjo inarudi lini.

Na Adero? Wiki zikapita, kikombe kikaendelea kunywewa. Siku moja akamwambia Evance mbele ya wateja, "Bwana mifugo, tumbo langu limejaa maji, sasa tusalimiane tu." Wakasalimiana. Mwanangu alirudi nyumbani, akala ugali wa watu wawili, akalala mchana kweupe.

Sitasema kwamba hakukosea tena, mtasema mama anapendelea. Msimu mmoja aliandika habari ya fisi aliyevuka mto usiku na kuingia kwenye zizi la mbuzi, na ili watu wasikose mnadani akakatiza pale fisi anapopandisha mguu juu ya boma. Watu walikuja kweli, lakini bila mbwa. Walikuja kuuliza fisi alifanyaje. Wengine walitoka mbali na watoto mgongoni. Ilibidi asimame juu ya beseni amalize habari kwa mdomo, ndipo wakarudi kuchukua mbwa. Nilimwambia usiku ule: asali ni ya kumezea dawa, ukimpa mtu asali tupu atakushukuru na ataumwa vile vile. Hilo ni langu, siyo lake. Mkilisikia analisema kwenye semina, mjue limetoka wapi.

Mkuu wake wa kazi, Bi Eugenia, aliyehamia kwetu kutoka mkoa mwingine, hakufurahi mwanzoni. Alikuja mpaka nyumbani na gari, akasema tangazo la serikali haliwezi kuanza na mbwa. Evance akamwambia, "Mkuu, naomba unisomee lako, mama akiwa anachagua wimbi." Mama wa watu akasoma kwa sauti nzuri sana, kama ya redio. Nilimaliza ungo mzima. Akautazama ule ungo, akanitazama mimi, akasema, "Shikamoo mama, naomba karatasi." Tokea hapo ripoti za mifugo zimesomwa kwenye ungo wangu, na hotuba za siku ya wakulima, na mahubiri mawili. Wimbi langu linasifika kwa usafi, lakini sehemu ya sifa hiyo ni ya wenye ripoti.

Siku hizi matangazo yanapita kwenye simu. Evance amehamia huko naye, na hata huko mbwa anatangulia. Kila msimu wa chanjo Adero ndiye wa kwanza kulisoma tangazo, kwa sauti, sokoni, huku dagaa wakipimwa. Na katika vitongoji alivyohudumia mwanangu, tangu lile tangazo la gauni, hatujamzika mwingine wa kichaa cha mbwa baada ya Mzee Okal. Nimeliweka katikati ya habari, ingawa ndilo kubwa kuliko yote. Yeye angelitanguliza. Mimi mama nilitaka mlifikie mmeshamjua.

Sasa lile nililoahidi. Wasifu huu aliandikiwa kwanza na mwenzake wa ofisini, Ndugu Evodius, kijana mwenye adabu na kompyuta. Evance akauleta nyumbani anisomee. "Mstaafu mtarajiwa ni mtumishi mwadilifu, mchapakazi, mwenye kujituma na kushirikiana na wenzake." Yote kweli. Nilichagua wimbi lote la sherehe mpaka likaisha, nikaanza kuchagua mchele. Nikaona hapana. Mtu aliyewafundisha watu kuandika hataagwa kwa karatasi ya aya tatu za kusalimiana na serikali. Evodius hakukasirika. Yeye ndiye anayenichapia, na amekatazwa kurekebisha.

Juzi niliupokea ungo mwingine wa wimbi kutoka kwa jirani, kwa sababu wageni wameongezeka. Safari hii nilimkalisha Evance kwenye kigoda, nikamwekea yeye ule ungo mapajani, nikashika karatasi mimi. Nikamsomea kuanzia mwanzo. Kwenye teke la ng'ombe alikuwa anachagua. Kwenye mbuzi alicheka, anachagua. Nilipofika kwa Mzee Okal alipunguza. Nilipofika kwenye kikombe cha Adero sikuusikia ule ungo tena. Nilisoma mpaka mwisho, nikaliinua wimbi kama lilivyo, nikalipeleka kusagwa.

Ahsante, mwanangu, kwa niaba ya wafugaji, ya wafanyakazi wenzako, na ya mbwa wote waliopata kutajwa. Nenda kapumzike. Kuku wanakungoja, na mimi mikono yangu bado ipo, ukiwa na jambo uliandike uje. Mungu akupe siku nyingi, na zote ziwe za kula kwa hamu.

Nanyi wageni, karibuni uji. Mkikuta kokoto jinoni msilaumu wapishi. Hapo ndipo alipokuwa ananisikiliza.