Maji Yalianzia Wapi

Benchi la Mzee Jaffer, muuza kahawa, liko kando ya mtaro karibu na soko la Daraja Mbili mjini Kisii, na asubuhi watu walewale huketi pale na vikombe vyao. Siku hiyo Kaltuma, muuza mitumba wanayemwita Mama Firdaus, hakuwa na hamu ya kahawa. Wiki mbili nyuma mvua ya alasiri ilikuwa imejaza banda lake maji na kumloweshea marobota matatu. Sasa mji ulikuwa ukiandaa mpango wa kukabili mabadiliko ya hali ya hewa, na ilisemekana mabanda ya kando ya mtaro yangehamishiwa Suneka, nje ya mji. Mkutano wa maoni ulikuwa saa nane siku hiyohiyo.

— Wakituuliza mafuriko inatoka wapi, tutasema nini? aliuliza.

— Ni lami, alisema Owiti, makanika wa pikipiki. Imefunika mji yote. Mvua ikianguka inakosa pa kuingia, inaingia kwa duka.

— Ni mikaratusi, alisema Obwocha, fundi viatu, ambaye miwani yake ilimpa jina la Profesa. Huko Mosocho wamepanda kila mahali. Hiyo miti inakunywa maji, ikishiba inatapika.

— Mti haitapiki, Profesa.

— Umewahi kukaa na mti siku mzima ukaiangalia?

— Basi ni ziwa, akasema Owiti. Mimi nimezaliwa huko, naijua. Imejaa, sasa inasukuma mito irudi juu. Ngojeni tu, huko juu Nyamira watavuna chai pamoja na samaki omena.

Mzee Jaffer alicheka. Kaltuma hakucheka. Aliwaza watasimama vipi mkutanini na maneno kama hayo.

Ndipo akafika binti mmoja mwenye gambuti na daftari. Alijitambulisha kuwa Sheila, mmoja wa wanaouandika huo mpango.

— Siku ile ya mafuriko, maji yalianzia kuingia wapi?

Siku ile kila mtu alikuwa amekimbia na mali yake.

— Hatujui, alisema Kaltuma. Twende tuangalie.

Walifuata alama ya matope kwenye kuta, wakapanda na mtaro mpaka kwenye kalvati, lile bomba linalopitisha maji chini ya barabara. Alama ilianzia hapo. Owiti alichokoa ndani kwa chuma. Yakatoka maganda ya ndizi, kisha soli kuukuu ambazo Profesa aliziinamia kuzitazama, kisha plastiki pana iliyoandikwa K kwa wino mweusi. Kaltuma aliutambua mwandiko wake mwenyewe; ndivyo alivyotia alama marobota yake. Kila Jumatatu alifungua robota, akatupa plastiki mtaroni, maji yakaibeba.

Sheila alikuwa nyuma kidogo, akipiga picha ukutani.

— Irudishe ndani, Mama Firdaus, alinong'ona Owiti. Watu wa mpango wakiona hiyo, Suneka tumeenda.

Kaltuma akaikunjua plastiki mbele ya Sheila.

— Andika ni hapa. Kalvati ni nyembamba kuliko mtaro. Na hii takataka ni yangu.

— Nikiandika hivyo, mama, watasema mlijiletea wenyewe.

— Wacha waseme. Andika pia tunaomba kalvati pana na mahali pa kutupa taka, halafu tutachunga huu mtaro sisi wenyewe. Saa nane nitasimama niyarudie hayo mbele ya wote.

Alipandisha buibui, akaingia mtaroni hadi magotini, akaanza kuvuta taka. Profesa alivua miwani, akaitia mfukoni, akashuka.

— Sogea kidogo, mama, alisema. Hizo soli ni zangu.