Elinipa Mbwambo: Nesi Aliyetunza Siri Akaitwa Mwizi

Wapendwa, mimi ni Stellamaris, mtoto wa kwanza wa marehemu. Nimeombwa nisome kwa kifupi, nami nitajitahidi, ila kuna sehemu moja sitaifupisha.

Mama yetu Elinipa Mbwambo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Usangi, milima ya Pare. Alisoma hukohuko shule ya msingi, akaendelea na sekondari, na mwaka 1983 akahitimu uuguzi na ukunga mjini Tanga. Januari 1984 alipangiwa kazi Kisarawe, katika zahanati ndogo upande wa Kibuta, alikozalisha akina mama kwa miaka ishirini na mitano.

Tarehe 5 Septemba 1987 alifunga ndoa na mwalimu Fabian, wakajenga Pangani, hapa Kibaha. Baba alipenda kumtania kwamba ukioa Mpare, ujiandae kushtakiwa hata kwa chumvi kuzidi kwenye makande. Kumbe kesi ya kweli ilipomfika, Mpare huyu ndiye aliyekataa kwenda mahakamani.

Ilikuwa Juni 2009. Mjukuu wa Mzee Mwishehe alizaliwa salama mikononi mwa Mama, lakini siku ya tano akapata degedege, akakimbizwa hospitali. Mzee akataka kujua kondo la nyuma lilizikwa wapi, maana kwa desturi yao upande wa baba ndio wanaolizika. Nyumbani kwake hakuna aliyelijua. Wakamfuata Mama.

“Nesi, kondo la mjukuu wangu liko wapi?”

“Amelichukua mwenyewe,” Mama akajibu.

“Mwenyewe nani, kama si mimi?”

Mama akarudi kwa wagonjwa wake bila kumtaja. Neno hilo moja ndilo lililomponza. Kufika adhuhuri kijiji kizima kilishasema kwamba huyo “mwenyewe” ni mganga, na kwamba nesi anauza makondo ya watoto wa watu. Alisimamishwa kazi. Wanawake aliowazalisha wakawa wakimwona njiani wanapita pembeni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilimwambia, “Mama, si umtaje tu huyo mtu!”

“Siri ya leba haitoki leba, Stella. Niliahidi, na Mungu alikuwemo mle ndani.”

Baba alitaka wakili. Mama akakataa, kwa kuwa mahakamani angelazimika kumtaja mtu aliyempa ahadi. Kusema kweli nilimkasirikia Mama, na Mungu nikamkasirikia zaidi. Nilimwona anachelewa.

Ndipo Mzee Mwishehe akatangaza kwamba Ijumaa, baada ya swala, itasomwa Halbadiri. Watu wa Pwani mnaijua: kisomo hicho kikisomwa, mwenye hatia hupatwa na balaa, awe wa dini yoyote. Wengine walitushauri tumfiche Mama kwetu Usangi. Yeye alijifunga kanga zake, akaniambia nimsindikize. Tuliketi mkekani mbele ya watu wote.

“Mzee, nimekuja mwenyewe,” alisema. “Someni. Nami nimeshaomba kwangu. Anayehukumu ni mmoja.”

Shehe akafungua kitabu. Kabla hajatamka neno, Bi Mwanajuma, bibi wa mtoto kwa upande wa mama, aliinuka akilia.

“Msisome, jamani, msisome! Kondo nililichukua mimi. Nimelizika kwangu, ili mtoto asije kutusahau. Nilimwapisha nesi asiseme!”

Mama alimfuata Bi Mwanajuma, akamshika bega, akamuuliza mtoto anaendeleaje. Mtoto alikuwa na malaria, na alipona.

Agosti mwaka huohuo Mama alirudishwa kazini, akaomba uhamisho kuja Kibaha, akastaafu mwaka 2021. Mzee Mwishehe hakuja kumwomba radhi. Mama hakulizungumzia tena, ila mimi nililiweka moyoni miaka yote hii.

Figo zilianza kumsumbua Oktoba mwaka juzi. Wiki ya mwisho, akiwa hospitali, aliniambia, “Mwishehe akija kunizika, msimkatalie. Mpeni sehemu ya kubeba.” Nikamjibu kwamba hatakuja. Alifariki Jumanne saa nne asubuhi, Baba akiwa amemshika mkono.

Juzi simu ililia. “Binti, mimi Mwishehe wa Kibuta. Nilimkosea sana mama yako, na nimechelewa. Naruhusiwa kufika?” Nilimpa mdogo wangu Castory simu, nikatoka nje kulia.

Mama ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na watoto wasiohesabika wa Kisarawe na Kibaha aliowapokea duniani. Jeneza litabebwa na watu sita. Watano wameshajulishwa. Mzee Mwishehe, nafasi yako ni ya mbele, upande wa kulia. Castory atakushika mkono.

Mama, Mungu uliyemngojea akupe pumziko la amani.